Soma Kabla Hujagusa

Feni ilikuwa inazunguka kimya, na kimya hicho kilikuwa kazi ya mikono yangu. Iligeuza uso kushoto, ikaupeleka polepole hadi kulia, ikarudi, bila kukwaruza, bila kugonga. Watu wanane tulijibana sebuleni kwa marehemu, magoti yakigusana, na kila feni ilipofika upande wangu ilinipulizia usoni kisha ikapita kwenda kwa wengine. Fundi mwingine angejivunia kazi ile. Mimi nilikuwa nimetumbukiza mkono mfukoni, nimeshika gia ya shaba isiyozidi ukubwa wa kifungo cha koti, nayo imelowa jasho la kiganja changu.

Marehemu tulimwita Fyuzi. Alipokuwa kazini alikuwa msoma mita, mtu wa kuzunguka nyumba hadi nyumba na daftari lake. Anabisha, anasoma, anaandika, anaaga. Jina la Fyuzi alilipata kwetu, kwa sababu kila wawili walipoanza kutunishiana misuli, yeye ndiye aliyekatika kwanza ili nyumba isiungue. Atasema, "Basi jamani, kosa langu," hata kama kosa lenyewe kalisikia dakika hiyo hiyo. Mimi naitwa Koleo. Nikishika kitu siachii. Nimekuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na minane, na jina hilo sijawahi kulikana.

Tulikuwa kikundi tulichokiita Jamaa wa Waya. Tunakusanya vyombo vya umeme vya zamani: redio za valvu zinazohitaji kupata moto kabla hazijasema neno, majokofu ya mgongo wa mviringo, mashine za kufulia zenye roli za kukamulia, birika, pasi, na vibaniko vya mkate ambavyo ukizubaa vinakuchomea mkate na kidole. Watu wa nyumbani kwetu wanatuita wazoa taka, na hawajakosea sana. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba akizeeka hana wasiwasi, maana anajua mimi chombo kikizeeka ndipo ninapokipenda.

Sheria yetu kubwa ni moja. Kila anayefungua chombo, akimaliza, huacha ndani yake karatasi ndogo: tarehe, kasoro aliyoikuta, kazi aliyoifanya, hali aliyokiacha nayo, na jina. Tunaiita karatasi ya tumboni. Karatasi ya aliyetangulia haitupwi, hata ikiwa imeandikwa na mjinga, na hakuna ruhusa ya kugusa skrubu nyingine kabla hujaisoma. Soma kabla hujagusa. Sheria hiyo aliitunga Fyuzi mwenyewe, na mimi ndiye niliyeiandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao tunaoutundika mikutanoni.

Na mwenzetu akifariki hatuna hotuba. Jumamosi moja, msiba ukishatulia, tunakwenda nyumbani kwake. Kila mtu anachagua chombo kimoja cha marehemu, anakiwasha, anasema neno, anakizima. Tunaita kuamsha.

"Kimoja kimoja jamani," alisema Jokofu, jitu la miraba minne ambalo kiti cha sebuleni kililalamika chini yake. "Tukiwasha vyote kwa mpigo hapa, waya zitaungua na sisi tutamfuata mwenzetu leo leo."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani, kinachoanza na kujutia kuanza. Jokofu aliwasha birika lenye filimbi. Akasubiri lichemke, akalisikiliza likipiga filimbi yake hadi mwisho, akafuta macho kwa kiganja na kusema kwamba birika hili na jingine kama hilo waliyanunua pamoja kwenye mnada wa hoteli moja iliyofungwa, na Fyuzi alimwachia yeye la kulia akachukua la kushoto, ilhali la kulia ndilo lililokuwa zima. Mama Pasi, muuguzi mstaafu mwenye pasi arobaini na mbili nyumbani kwake, aliwasha pasi nzito ya mpini wa mti. Akanyoosha leso ya marehemu juu ya meza, taratibu, pembe kwa pembe, akaikunja na kumkabidhi mjane bila kusema chochote. Hilo ndilo lilikuwa neno lake.

Zamu yangu ilipofika niliinuka, nikawasha kibaniko cha mkate. Nyaya zake zikaanza kuwa nyekundu. Macho yote yalikuwa kwangu, kwani wote walijua kwamba mimi na Fyuzi ndio tuliokianzisha kikundi, na wote walijua kwamba mwaka mzima na miezi minne kabla ya kifo chake hatukuwa tunasemezana.

"Alikuwa msomaji mzuri," nikasema. Nikazima, nikakaa.

Mama Pasi alinitazama kwa jicho lile ambalo nadhani aliwatazamia wagonjwa wanaodanganya kwamba wamemeza dawa.

*

Nieleze lilivyotokea, na nisijipendelee.

Feni ile ya mezani haikuwa ya mkusanyo. Ilikuwa ya nyumba. Fyuzi na mkewe walihamia nayo wiki waliyooana, na tangu nimjue ilikuwa inagonga. Kila ilipomaliza kugeuka kushoto ilisita kidogo, ikatoa sauti moja, ko, ndipo ikaanza safari ya kurudi kulia. Mtu aliyetengenezea watu redio zilizofufuliwa kutoka jalalani alikuwa analala miaka nenda miaka rudi na feni inayogonga. Tulimtania sana. Tulimwambia mganga hajigangi. Yeye alicheka tu, akamtazama mkewe, na mkewe akatazama pembeni.

Mimi nilikuwa sicheki. Katika lifti, kinachogonga hakidharauliwi. Ukikidharau leo, kesho unaitwa kituo cha polisi kutoa maelezo. Masikio yangu yamefundishwa hivyo. Nilikuwa nikimtembelea, tunaongea vizuri, halafu ko, na mimi nasahau nilichotaka kusema.

Kisha Fyuzi akalazwa hospitali wiki tatu, akifanyiwa upasuaji wa nyonga. Mkewe alishinda huko kila siku, na mimi nikaachiwa ufunguo niwe napita kuangalia nyumba. Siku ya pili tu nikaibeba feni hadi kwangu. Nilitaka kumfurahisha, Mungu ni shahidi. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikakuta gia ndogo ya shaba iliyovunjika jino moja, na kando yake karatasi ya tumboni iliyokunjwa mara nne, imeloa mafuta mpaka imekuwa rangi ya chai. Sikuikunjua. Nilisema moyoni, mimi kibovu nimekwisha kukiona, karatasi itanieleza nini? Nikaweka gia nzima niliyoitoa kwenye feni nyingine, nikabadilisha bushi inayoshika mhimili, nikapaka grisi, nikaandika karatasi yangu na kuiweka juu ya ile ya zamani. Mimi, mwandishi wa ubao mwekundu.

Fyuzi alirudi nyumbani kwa magongo. Nikamkalisha, na mkewe alipotoka kwenda dukani nikaiwasha feni mbele yake kama anayefunua zawadi. Ikaenda kushoto, ikarudi kulia. Kimya.

Alisubiri. Ikaenda tena, ikarudi. Nikaona uso wake unabadilika.

"Nani kakutuma?" aliniuliza.

Nilitegemea shukrani, na mtu aliyetegemea shukrani akakosa huwa mbaya kuliko aliyetukanwa. Nikamjibu: "Miaka yote unatuhubiria ufundi, na nyumbani kwako unafuga kibovu. Nimekufichia aibu, bwana."

"Gia yangu iko wapi?"

"Ninayo."

"Nirudishie."

"Ukapone kwanza, utakuja kuichukua ukiwa na akili timamu."

Hapo kwa mara ya kwanza Fyuzi hakukatika. Hakusema kosa langu. Alinyoosha gongo lake kuelekea mlangoni, na mimi nikatoka.

Gia ikakaa katika droo yangu, ndani ya kikopo cha peremende za kifua. Mama Pasi alinijia mara mbili. "Mrudishie mwenzio kidude chake, Koleo. Kinamsumbua." Nikamwambia, aje akiombe mwenyewe, miguu si imepona? Mikutanoni nilikaa mwisho huu, yeye mwisho ule. Nilimsubiri akatike. Nilikuwa na hakika atakatika, ndiyo kawaida yake, na mimi nilikwisha jipangia nitakavyomsamehe. Halafu asubuhi ya Jumatatu moja moyo wake ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu. Mazikoni nilisimama nyuma kabisa, na watu wakadhani ni adabu.

*

Wenzangu walipoanza kuondoka, nami nikaokota kofia yangu. Mama Pasi alinikamata kiwiko kibarazani.

"Umekuja nacho?"

"Kipi?"

"Usinifanye mtoto, mzee wewe. Mkono haujatoka mfukoni tangu uingie."

Hapo sauti ya mjane ikaniita kutoka ndani. "Shemeji. Wewe baki kidogo."

Mama Pasi akaniachia, akashuka ngazi bila kugeuka.

Mjane wa Fyuzi ni mwanamke mwembamba, fundi cherehani wa siku nyingi, na hata siku ile alikuwa na pini mbili zilizochomekwa kwenye ukosi, kwa mazoea tu. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa cha mumewe, akaielekezea kidevu ile feni.

"Shemeji, nina neno, na usikasirike."

"Mimi ni nani nikasirike, shemeji?"

"Wewe ni Koleo," alisema, bila tabasamu. "Mwezi mzima sijalala. Nalala saa moja, naamka, nasikiliza. Zamani nikishtuka nasikia ko, najua niko kwangu, narudi usingizini. Ulipoinyamazisha hiyo feni tukabaki tunasikilizana pumzi. Sasa hata pumzi hakuna." Akazisogeza pini ukosini. "Unaweza kuirudisha ilivyokuwa?"

Nataka kusema kwamba hapo hapo nilitoa mkono mfukoni. Sikutoa. Niliona njia rahisi imefunguka mbele yangu, pana na safi: nitaifungua feni, nitajifanya nachonga jino, nitachomeka gia ya zamani, itagonga, na mjane atanishukuru. Hatajua kamwe kwamba gia aliyoitafuta mumewe mimi ndiye niliyeikalia. Walio hai wangenitunzia heshima yangu, na aliyenidai gia alikuwa keshazikwa.

"Nitajaribu kuchonga," nikasema. "Sikuahidi, lakini nitajaribu."

"Jaribu."

Nilizima feni, nikaibeba hadi kwenye meza ya kulia chakula, palipokuwa na mwanga wa dirisha. Sanduku la vifaa la Fyuzi lilikuwa pale pale chini ya kabati, bisibisi zake zimepangwa kwa urefu. Nikachagua moja. Skrubu nne za kifuniko cha nyuma zilitoka kwa urahisi, na hilo lilinishangaza, kwa sababu mimi nilizikaza kifundi. Kuna mtu alikuwa amezifungua baada yangu, na si mara moja. Vichwa vyake vilikuwa vimeanza kulika.

Ndani palikuwa na karatasi nyingi. Nilikuwa nimeacha mbili, sasa zilikuwa sita.

Shemeji alikuwa ameegemeza kichwa kitini, macho yake dirishani. Mkono wangu ulikwisha nyanyuka kwenda kwenye gia. Nikausimamisha. Nikajiambia, mpumbavu wewe, safari hii soma.

Nilianza na ile ya rangi ya chai. Niliikunjua polepole maana ilitaka kukatika kwenye mikunjo. Mwandiko ulikuwa wa Fyuzi, lakini wa Fyuzi kijana, herufi zimelala mbele kama zina haraka ya kufika.

*Kasoro: jino moja la gia limevunjika. Aliyeangusha: mimi. Kazi: hakuna. Hali: inagonga, na iachwe inavyogonga. Wewe unayesoma, tafadhali.*

Chini yake ilikuwa ya kwangu. Sikuhitaji kuisoma, nilikuwa nikiikumbuka neno kwa neno, lakini nilijilazimisha. *Kasoro: uzembe wa miaka. Kazi: gia mpya, bushi mpya, grisi. Hali: kimya kabisa. Koleo.* Na baada ya jina nilikuwa nimepiga mstari wa madaha.

Ya tatu ilikuwa na tarehe ya mwezi mmoja baada ya ugomvi wetu. *Kazi: nimeweka gia nyingine, nimepunguza jino moja kwa tupa. Hali: inakwaruza, haigongi. Fyuzi.*

Ya nne: *Kazi: nimepunguza na la pili. Hali: inagonga mara mbili. Mke wangu anasema huyu ni mgeni. Nimerudisha gia nzima ya Koleo.*

Ya tano ilikuwa ya miezi mitatu iliyopita. *Kazi: hakuna. Gia ya zamani anayo Koleo. Leo nimefika mpaka getini kwake. Nimemsikia anamfokea mtu kwenye simu. Nimerudi.*

Niliikumbuka siku hiyo. Nilikuwa namfokea muuzaji aliyeniuzia kizibo cha plagi kisichoingia. Kizibo! Mtu niliyekaa naye benchi moja miaka ishirini na sita alikuwa amesimama upande wa pili wa geti, nyonga yake ya chuma, jua la mchana, na mimi nilikuwa napiga kelele kuhusu kizibo.

Ya sita haikuwa na mafuta hata kidogo. Tarehe yake ilikuwa Jumatano, siku tano kabla hajafa.

*Kazi: hakuna. Jumamosi tukikutana nitamwomba. Nitaanza mimi.*

Jumamosi hiyo sikwenda. Niliwaambia wenzangu mgongo unauma. Mgongo ulikuwa mzima kama wa punda. Nilikaa nyumbani nikasugua redio, kwa sababu Mama Pasi alikuwa ameniambia katika simu kwamba Fyuzi ameuliza kama nitakuwepo, na mimi nikaona vizuri asinikute, ajue na mimi nina shughuli zangu.

Niliilaza karatasi ya mwisho mezani, juu ya zile nyingine.

"Shemeji, vipi? Imeshindikana?" aliuliza kutoka kitini.

"Shemeji," nikasema, "njoo uone kitu."

Alikuja. Nilitia mkono mfukoni, nikaitoa gia ya zamani na kuiweka mezani, mbele yake, juu ya kitambaa. Pengo la jino lilionekana wazi. Mtu aliyeishi miaka thelathini na nne na fundi haelezwi gia ni nini, aliitazama akaijua.

"Hukuichonga hii."

"Sikuichonga."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo yangu. Tangu siku ile."

"Ulikuwa unajua anaitafuta?"

"Nilikuwa najua. Nilikuwa nasubiri aje kuniomba. Na hapa kaandika kwamba alikuja." Nikamsogezea karatasi, zote sita. "Nimekudanganya sasa hivi kuhusu kuchonga. Nimemnyima yeye akiwa hai, na nilitaka kukudanganya wewe akiwa kaburini. Shemeji, naomba unisa..."

"Usiniombe mimi," alinikatisha. Hakupaza sauti. Alikuwa na sauti ya mtu anayepima kitambaa. "Msamaha wa mtu mwingine mimi siwezi kuugawa. Wewe fanya kazi uliyokuja kuifanya."

Akazichukua karatasi akarudi nazo kitini.

Nikafanya kazi. Nilitoa gia nzima na kuiweka kando. Nikaifuta ile ya zamani jasho langu, nikaitia tone moja la mafuta ya cherehani kutoka kwenye kichupa cha shemeji, nikaichomeka kwenye mhimili wake. Maisha yangu yote nimelipwa kuondoa kinachogonga. Siku ile nilikuwa nakitega, na mikono ilikuwa inabisha. Vidole vilitaka kulisawazisha lile pengo. Ilinibidi nivikataze kwa sauti, nikasema, "Acha," na shemeji akanitazama asijue naongea na nani.

Sikukifunga kifuniko. Niliirudisha feni mahali pake sebuleni, kwenye kimeza cha pembeni, nikaichomeka, nikabonyeza swichi. Mapanga yakaanza kuzunguka. Uso wake ukaondoka kulia ukaja taratibu, ukatupita, ukafika mwisho wa kushoto, ukasita.

Ko.

Shemeji alifumba macho. Feni ikarudi kulia. Tulisubiri wote wawili, kama watu wanaosubiri mtoto amalizie sentensi, na ilipofika kushoto ikagonga tena, pale pale, kwa uzito ule ule.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Alikuwa ameshika ile karatasi ya rangi ya chai. Aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaisoma kwa midomo. Kisha akatoa sauti ambayo mwanzo nilidhani ni kilio.

"Mwongo huyu," alisema, na nikaona kwamba anacheka. "Hebu muone mwongo huyu. Aliyeangusha mimi! Si yeye, shemeji. Ni mimi. Tulikuwa tunapandisha vitu ngazini, yeye kabeba kitanda, mimi nikasema feni naiweza. Nikaiachia kutoka ngazi ya sita. Nilikuwa bi harusi wa siku tatu, nikakaa pale chini nikalia, nikijua nitaambiwa sina mikono. Mama yake alikuwa amesimama juu pale, ndiye aliyetuzawadia hiyo feni. Na yeye akashuka mbio, akaiokota, akamwambia mama yake, 'Kosa langu mama, nimemgonga na kitanda.'" Alijifuta shavu kwa mgongo wa mkono. "Hakunigonga na kitu. Kila ikilia ko ananitazama. Sikujua kwamba hata ndani ya chuma kaandika uongo ule ule."

Nilikuwa namwona Fyuzi kijana, peke yake, hakuna anayemuuliza nani aliiangusha, ameinama juu ya mashine iliyo wazi, na bado anaibeba lawama, asije fundi fulani miaka ya mbele akaifungua na kumlaumu mwanamke asiyemjua. Na fundi mwenyewe ndiye mimi, na nilipoifungua sikusoma.

"Mlikuwa wajinga nyote wawili," alisema shemeji. "Yeye alifika getini akarudi, hana tofauti na wewe. Lakini wewe ulikuwa na gia."

"Mimi ndiye niliyekuwa na gia," nikakubali.

Aliziweka karatasi mapajani, akailaza mikono juu yake. Feni ilikwenda na kurudi. Mwanga wa alasiri ulikuwa umefika kwenye miguu ya meza, na kutoka nyumba ya jirani mtu alikuwa anaburuta kiti. Ko. Niligeuka kumuuliza kama nimtengenezee chai, nikaona kichwa chake kimelalia bega na mdomo umefunguka kidogo. Pini zilikuwa bado ukosini. Niliinuka kwa ncha za vidole, nikazichomoa moja moja zisije zikamchoma, nikaziweka mezani.

Kisha nikachukua kipande cha karatasi kwenye sanduku la Fyuzi, na kalamu yake ya risasi. Nikaandika tarehe, na chini yake: *Kasoro: sikusoma. Kazi: nimerudisha kilichokuwa cha mwenyewe, nimechelewa. Hali: inagonga. Koleo.* Safari hii sikupiga mstari chini ya jina.

Karatasi ya tumboni huwekwa ndani, na kifuniko hakifungwi chombo kikiwa kinazunguka. Ilinibidi niizime feni. Nikanyoosha kidole hadi kwenye swichi, nikamtazama shemeji. Feni ikafika mwisho wa kushoto, ikagonga, na yeye akavuta pumzi ndefu bila kuamka.

Nikaondoa kidole. Nikavuta kiti, nikakaa na karatasi yangu mkononi, nikamsubiri aamke mwenyewe.